Milia ya Kunong'ona: Mhadhara juu ya Kuta za Ndani za Nairobi



Nilipoombwa kuja kuzungumza mbele ya hadhira hii juu ya kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka arobaini, nilidhani kwanza kwamba mwaliko ulikuwa umepotea njia, maana watu wa mji huu hawana desturi ya kuwaita mafundi rangi ili wawasikilize. Huwaita ili wapande ngazi. Nashukuru kwa taadhima hii, na kwa kuwa niliachiwa hiari ya kuchagua maudhui, nimechagua jambo dogo mno katika ufundi wetu, jambo ambalo mtu aweza kuketi mbele yake mwaka mzima asilitambue: milia inayopakwa juu ya ukuta wa ndani kwa rangi mbili zilizokaribiana sana, au hata kwa rangi ile ile moja, kiasi kwamba mgeni akiingia sebuleni huhisi kuwa ukuta una kitu, asijue ni kitu gani.

Nimesema milia, na sikulitumia neno hilo kwa bahati. Mstari ni wa kalamu na rula. Utepe ni wa nguo, hushonwa na hufumuliwa. Mafundi wenzangu huku mjini husema laini, au straipu, na siwalaumu, kwani fundi husema neno litakaloeleweka upesi na mwenye nyumba. Lakini mlia, katika lugha yetu, kwanza kabisa ni wa mnyama. Tunasema punda milia, tunasema paka wa milia, na mlia wa punda haukubandikwa juu yake kama bango, bali umeota pamoja na ngozi. Huo ndio mlia ninaoutafuta mimi: ule unaomfanya mtu adhani kwamba plasta yenyewe ilizaliwa nao.

Wala mji wetu haukupungukiwa na milia ya namna nyingine, ile inayopiga kelele. Tokeni nje ya ukumbi huu mtazame barabarani: matatu nyingi zimejifunga mshipi wa manjano wenye upana wa milimita 150, ambao uliamrishwa na kanuni za mwaka 2003, zile zilizoanza kutiwa nguvu mwezi Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, na ambazo watu bado huziita kwa jina lake. Mshipi ule una kazi yake, nayo ni kuonekana kutoka mbali na mtu mwenye haraka. Vivuko vya waendao kwa miguu vina milia yake, na sare za wafungwa zilikuwa na yake, na hiyo yote ni milia ya amri: simama hapa, vuka hapa, mkamateni huyu. Si ajabu basi kwamba ukimwambia mwenye nyumba wa Nairobi kuwa utampakia milia sebuleni, uso wake hukunjamana kabla hujamaliza sentensi.

Mimi mwenyewe nilianza na mlia wa amri, katika shule na maofisi ya serikali. Nadhani hakuna mtu humu aliyesoma Kenya asiyeujua ukuta ule: nusu ya chini rangi ya mafuta ya kahawia au ya kijani kilichoiva, hadi usawa wa kifua cha mtoto, nusu ya juu rangi ya maji ya maziwa, na pale zinapokutana, mstari mmoja, aghalabu mweusi, wenye upana wa vidole viwili. Sababu ya rangi ya mafuta kuwekwa chini inajulikana: mikono ya watoto, viti vinavyoburutwa, matope ya Aprili, ukuta wa chini sharti uoshwe kwa sabuni na tambara. Ama mstari, watu wengi hudhani kwamba ni pambo. Si pambo. Mahali rangi mbili zinapokutana kwa mkono mtupu, mpaka wake hutetemeka, na mstari ule uliwekwa ili uufunike mtetemo. Nikiwa kijana wa kubeba ndoo, fundi wangu alinipa brashi nyembamba akaniambia nipige mstari wa ukumbi mzima wa shule moja magharibi mwa mji, na nilipomaliza na kujisifu, akaniuliza kama ningethubutu kuziacha zile rangi mbili zikutane bila ya mstari. Nilinyamaza. Swali lile sijaliacha mpaka leo, kwa maana mlia ninaouzungumzia ni mkutano wa rangi mbili usiokuwa na mstari wa kuusitiri.

Fundi wangu huyo alikuwa mzee wa pwani, mzaliwa wa Mombasa, naye alikuwa na tabia, tulipokuwa tukingoja koti la kwanza likauke, ya kunihadithia juu ya majumba ya kale ya Lamu, ambako alipata kufanya kazi ya kukarabati. Alisema kwamba wenyeji wa huko walikwisha kulijua jambo hili karne nyingi zilizopita, tena bila ya rangi. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba ulitawaliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo ni mita tatu hivi au pungufu, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na nuru huingia kutoka kiwandani, yaani ule ua wa ndani usio na paa, ikapungua hatua kwa hatua kadiri inavyozama ndani. Na huko ndani, kwenye giza la heshima, ndiko walikoziweka zidaka zao, yaani vishubaka vya ukutani, na nakshi zao za chokaa. Chokaa ni nyeupe, na ukuta ni mweupe. Nakshi ni nyeupe juu ya nyeupe. Hakuna rangi ya pili. Kinachoichora ile nakshi ni kivuli tu, na kivuli kinatokana na nuru inayokuja kwa ubavu. Lau ungeiwekea taa usoni pake, nakshi ingefutika kama maandishi ya mchangani. Nilipoyaona majumba hayo mwenyewe, miaka mingi baadaye, nilitambua kwamba mzee alikuwa hanihadithii juu ya Lamu. Alikuwa akinifundisha kazi ya Kileleshwa, ambayo nitawasimulia punde.

Ziko pia boriti zenyewe, ambazo huonekana darini zimejipanga sambamba, mti na pengo, mti na pengo, na katika nyumba za wenye uwezo zilitiwa rangi; na iko taraza ya kikoi, ile milia ya ukingoni ambayo hufumwa pamoja na kitambaa, wala haipakwi juu yake. Anayejua kikoi kizuri hukijua kwa taraza, na taraza nzuri haimkimbilii mtu machoni. Nawaambia vijana wanaojifunza kwangu: kabla ya kununua rangi, kanunueni kikoi, mkitandike mezani, mkitazame.

Sitakaa sana juu ya mataifa mengine, ingawa mambo yake ni matamu. Waarabu wa Sham na Misri walijenga kwa safu za mawe meusi na meupe zinazopokezana, mtindo uitwao ablaq, neno ambalo asili yake ni farasi wa madoa meusi na meupe; na huko Ulaya, katika karne ya 13, watawa wa Karmeli walipofika na joho zao za milia walichekwa mitaani hata ikawabidi, mwaka 1287, kuziacha na kuvaa nyeupe. Kwa hiyo mlia umekuwa fahari mahali pamoja na fedheha mahali pengine, na tofauti, kwa maoni yangu, ilikuwa ni ukali wa rangi tu. Hakuna anayemcheka mtu kwa mlia asiouona.

Sasa nije kwenye kiini. Mnaona hapa pembeni yangu ubao niliokuja nao, wa futi nne kwa tatu, nami naamini wengi wenu mmeudhania kuwa ni ubao mtupu wenye rangi ya samli. Umepakwa kwa rangi moja. Nilinunua kopo mbili za rangi ile ile, kwa nambari ile ile ya kuchanganyia, ila moja ni ile isiyong'aa kabisa na ya pili ni ile yenye mng'ao mdogo ambayo mafundi huiita silki. Naomba kijana aliye karibu na swichi azime taa za mbele, na yule aliye dirishani afungue pazia la upande wa kulia. Ahsanteni. Sasa walioketi kushoto, ambao wanautazama ubao huku dirisha likiwa mbele yao, niambieni: mwaona milia iliyo angavu? Na walioketi kulia, wenye dirisha mgongoni, je, milia ile ile si imekuwa mizito kidogo kuliko nafasi zilizo baina yake? Hamkosei, wala hamjarogwa. Rangi isiyong'aa ina unga mwingi kuliko gundi, uso wake ni wa mikwaruzo midogo isiyoonekana, nayo huitawanya nuru kila upande kama unga wa mahindi. Silki ina gundi zaidi, uso wake umelala, nayo huirudisha sehemu ya nuru kwa njia moja, kama maji ya bwawani. Aliye kwenye njia ile ya nuru huona mwanga. Asiyekuwapo huona rangi ikiwa nzito. Mlia huu basi hauko ukutani peke yake: nusu yake iko ukutani, na nusu ya pili iko mahali ulipoketi.

Yako mambo mawili ambayo wataalamu wa macho walikwisha yaeleza, nami nayataja kwa sababu yanamwokoa fundi na hasara. La kwanza ni la Mfaransa Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1839 alibainisha kwamba rangi mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, kila moja huisukuma nyenzake, ikaonekana mbali nayo kuliko ilivyo kweli. Maana yake kwetu ni hii: rangi mbili ambazo dukani, kwenye kadi ndogo, zinaonekana kuwa zimekaribiana vizuri, ukutani zitaonekana kama ndugu waliogombana. Atumiaye rangi mbili badala ya ming'ao miwili na achague zilizokaribiana hata muuzaji amwulize kama hajakosea. Na njia nyepesi ni kununua kopo moja tu, kisha kumimina kikombe cha rangi iliyoiva kidogo katika nusu yake.

La pili ni la Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyeandika katika mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu kwenda juu, na uliojazwa mistari ya kusimama huonekana mpana. Jambo hili ni kinyume kabisa cha imani ya mafundi wa mji huu, ambao tangu nizaliwe husema kwamba milia ya kusimama huinua dari. Nimepaka milia ya kusimama katika vyumba vyenye dari fupi vya maghorofa mapya ya Kilimani, na sijaona dari hata moja iliyopanda. Lililobadilika ni kwamba jicho, badala ya kwenda moja kwa moja penye pembe ya chumba na kupima udogo wake, hupita polepole ukutani. Hiyo ni faida ya kutosha. Fundi asiahidi dari.

Mintarafu ya nuru, Nairobi imebarikiwa. Tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua letu halina upande mmoja wa kudumu: tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita kaskazini mwetu, kisha miezi inayobaki hupita kusini, na asubuhi huja kutoka upande wa mashariki na jioni kutoka upande wa magharibi. Waliosanifu majengo ya katikati ya mji katika miaka ya 1950 na 1960 walilijua hilo, wakayavika yale mapezi ya saruji ya kuzuia jua, na mtu akipita kando yake saa tatu asubuhi huona ukuta mzima umepigwa milia ya vivuli ambayo saa sita haipo tena. Ndani ya nyumba ni vivyo hivyo. Mwezi Julai, wingu linapotanda juu ya mji hata tukasahau kuwa tuko katika nchi ya jua, milia ya mng'ao hufifia kabisa. Mwezi Januari hukatwa kama kwa wembe. Nimekuwa nikiwaambia wenye nyumba kwamba nawauzia ukuta wenye misimu, na wengine hucheka, lakini hulipa.

Kutokana na hayo yote, swali la kwanza la fundi haliwi rangi gani, bali ukuta upi. Wengi hukimbilia ukuta unaoelekeana na dirisha, kwa kuwa ndio unaomkabili anayeingia. Hapo nuru huupiga ukuta usoni, na milia hufa. Chagua ukuta wa ubavuni, ule unaoanzia pembeni mwa dirisha na kwenda ndani, ili nuru ipite juu yake kwa kuuteleza. Lakini kumbuka kwamba nuru inayoteleza huonyesha kila uvimbe wa plasta, na silki ni mmbeya: haihifadhi siri ya mwashi hata siku moja. Kwa hiyo kazi ya milia ni fila na msasa kwa siku mbili, na rangi kwa nusu siku.

Niruhusuni sasa niwapeleke kwenye nyumba moja ya zamani huko Kileleshwa, ya mawe, yenye vigae vyekundu vya Mangalore na mti mkubwa wa mjakaranda langoni, mali ya mama mmoja aliyekuwa mwalimu na amestaafu. Alitaka karatasi za ukutani zenye milia, kama alizoziona katika hoteli moja mjini, nami nilimwambia kwamba kuta zake hunywa maji kila masika, na karatasi ingebanduka kabla ya Krismasi.

"Basi utanifanyia nini, fundi?"

"Nitakupakia milia ambayo wageni wako hawataiona, mama."

"Na mimi nitalipia kitu kisichoonekana?"

Nikamwambia ataiona yeye. Alifikiri kidogo, akakubali, kwa sharti kwamba asipoiona hatalipa.

Ukuta ulikuwa na upana wa mita 4.20 na kimo cha mita 2.80. Hesabu ya milia katika ukuta mmoja hutakiwa iwe witiri, ili pembe zote mbili zianze na kuishia kwa namna moja. Sentimita 30 kwa kila mlia ingetoa 14, nayo ni shufwa, basi nikachukua 28, ikatoa 15 kamili: minane isiyong'aa, saba ya silki. Ukizunguka chumba kizima kanuni hugeuka, jumla sharti iwe shufwa, la sivyo milia miwili ya namna moja itakutana mahali fulani kama majirani wasiosemezana. Milia saba, kila mmoja na kingo mbili, kila ukingo mita 2.80: mita 39 na ushei za utepe wa karatasi, ambao mafundi huuita maskintepu. Huo ndio unaokula saa, si brashi.

Nilipaka makoti mawili ya rangi isiyong'aa, nikangoja siku mbili, maana utepe ukibandikwa juu ya rangi changa huondoka nayo. Kisha nikafanya kosa. Nilikuwa nimeizoea kazi, na aliyezoea hudharau. Nikaanza kupima kutoka kwenye pembe ya chumba, nikiitumia ile pembe kama rula yangu. Nilikwisha kubandika na kupaka milia mitatu ya silki wakati mama alipoingia na kikombe cha chai, akaketi, akautazama ukuta kwa muda, kisha akasema kwa upole wa mwalimu aliyezoea kusahihisha madaftari: "Fundi, mbona nyumba yangu inalala?"

Nikaitoa timazi mfukoni, mahali ambapo haikupaswa kuwa, nikaishusha. Pembe ile ilikuwa imeinama sentimita moja na nusu kutoka juu hadi chini, na milia yangu yote ilikuwa imeinama pamoja nayo kwa utii mkubwa. Kosa la mwashi lilikuwa na umri wa nusu karne na halikuwa limemkera mtu. Mimi ndiye niliyelitangaza. Mlia wa kelele ungeweza kusamehewa, kwani jicho lingeshughulika na rangi yake, lakini mlia unaonong'ona hauna lingine la kusema isipokuwa unyofu wake, na ukiwa si mnyofu basi umesema uongo kwa sauti ya chini, jambo ambalo watu huliona baya zaidi.

Nikausugua ukuta, nikapaka upya, nikangoja tena siku mbili ambazo sikulipwa wala sikustahili kulipwa. Safari hii nilianza katikati: nikatafuta nusu ya ukuta, nikashusha timazi, nikatia alama kwa penseli hafifu, sentimita 14 kulia na 14 kushoto, nao ndio mlia wa nane, kutoka hapo nikaenda nje kila upande, nikiishusha timazi kwa kila ukingo na kukataa kuiamini pembe, dari, fremu ya mlango na rafiki zangu wote wa zamani. Chaki ya rangi sikuitumia, kwa kuwa huacha doa chini ya rangi nyepesi. Ile hitilafu ya sentimita moja na nusu niliiacha yote iangukie mlia wa mwisho, ambao juu ulikuwa na 28 na chini 26 na nusu. Mlia wa mwisho ndio unaobeba dhambi za waliotangulia, na kwa kuwa ni mpana na hauna mng'ao, huzibeba kimya.

Ukingo wa utepe huusugua kwa kadi kuukuu ya simu, kisha, na hii ndiyo siri pekee ya kazi hii iliyo na thamani ya nauli yenu ya kuja hapa, kabla ya kupaka silki hupaka kwanza ukingoni rangi ile ile ya chini isiyong'aa. Kama kuna kijitundu chini ya utepe, kitakachopenya ni rangi ya ukuta wenyewe, nayo haidhuru. Ikikauka imekwisha kuziba njia. Ndipo ipakwe silki, na utepe uondolewe ingali mbichi, polepole, ukirudishwa nyuma kwa mshazari na kuelekezwa mbali na mlia. Ukiacha hadi kesho, utang'oa ngozi ya rangi pamoja nao, na utabaki na meno badala ya ukingo.

Mama yule alinipigia simu baada ya wiki moja. Alisema kwamba saa mbili na nusu asubuhi milia huja, na saa sita huondoka, na alitaka kujua huenda wapi. Alinilipa siku ile ile.

Msidhani kwamba sanaa hii ni ya wenye bustani peke yao. Kilomita chache tu magharibi ya nyumba ile iko Kawangware, kwenye vyumba vya futi kumi kwa kumi ambamo watu huzifunika kuta kwa magazeti na kalenda na vitambaa vya kufuma, na humo niliwahi kupaka chumba cha rafiki yangu kwa mabaki ya kopo nilizotoka nazo kazini: dirisha moja, mlango mmoja, ukuta mmoja wa milia. Jirani yake, mama mtu mzima kutoka magharibi mwa nchi, alisimama mlangoni akasema kwamba mama yake alipokuwa akiisiriba nyumba kwa udongo na samadi alikuwa akivipitisha vidole ukutani kabla haujakauka, kutoka juu hadi chini, na jua la jioni likiingia mlangoni, ukuta wote ulikuwa ukiamka. Sikuwa na la kumfundisha.

Milia hii haidumu milele. Rangi isiyong'aa ikiguswa mara kwa mara hulainika na kuanza kung'aa yenyewe, kwa hiyo milia hufa kwanza karibu na swichi ya taa na mgongoni mwa viti, mahali mikono na vichwa vinapopita, na hakuna dawa isipokuwa kupaka upya mlia mzima kutoka dari hadi sakafu, kwani kiraka huonekana daima.

Ama ukuta wa Kileleshwa, haukufikia kuzeeka hivyo. Nyumba iliuzwa, kama zilivyouzwa nyingi za mtaa ule, ili pajengwe ghorofa, na alasiri moja nikiwa ndani ya matatu nikitoka Kawangware kwenda mjini, tulikwama mbele ya lango lile. Mjakaranda ulikuwa umekatwa. Paa lilikuwa limekwisha kushuka na vigae vimepangwa kando kwa ajili ya kuuzwa, na ule ukuta wa sebuleni ulikuwa umesimama peke yake, umefunguliwa kwa jua la saa kumi, ambalo halijapata kuugusa hata siku moja tangu ulipojengwa. Jua lilikuwa likiuteleza kwa ubavu. Abiria aliyekuwa karibu nami aligeuka akauliza ni nani aliyepaka milia kwenye nyumba inayobomolewa. Niliihesabu: tisa ilikuwa bado imesimama, minyofu kama timazi ilivyoiacha, kando ya pembe iliyoinama, sita ilikuwa imekwisha kuanguka. Kisha dereva akaingiza gia.